Kitukuu wa Mchora Ramani

Jumatano, 1 Oktoba

Alby, Uswidi, chumbani kwangu. Mvua. Nina miaka kumi na saba, nimesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote katika jengo letu, na leo nimepata mpango. Mpango mzuri! Nauandika kabla haujatimia, ili baadaye asitokee mtu wa kusema ilikuwa bahati.

Umoja wetu wa Waafrika Mashariki unaandaa Siku ya Urithi, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbini hapa hapa Alby. Kijana mmoja atatoa hotuba. Mmoja tu. Na atakayemtambulisha jukwaani, akamwendeshea picha ukutani na kufanya naye mazoezi wiki nzima, ni Zuri wa Norsborg.

Zuri! Tunasoma shule moja mjini na kurudi kwa treni moja, mstari mwekundu. Mimi nashuka Alby, yeye anaendelea hadi mwisho wa reli. Yaani, mimi ningepaswa kushuka Alby. Tangu Agosti nimekuwa nikisahau. Nafika Norsborg, namtazama akipanda ngazi, narudi na treni inayofuata. Mama anadhani niko kwenye kilabu cha hisabati. Katika muda huo wote nimemwambia Zuri "hej", salamu ya Kiswidi, na siku moja nilipojisikia shujaa, "hej hej".

Mada ninayo. Zakayo Omuga, mchora ramani za majengo. Alizaliwa karibu na Kisumu, akafundishwa kuchora na wamisionari, akaajiriwa na serikali ya kikoloni kunakili kwa wino ramani za Waingereza. Kunakili tu. Lakini Waingereza walikuwa wakiweka dohani kwenye nyumba za Kisumu, ambako hakuna binadamu aliyewahi kuota moto ndani ya nyumba, na yeye akawa anazisahau. Anazisahau kila mara! Baadaye akahamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, akachora shule, makanisa, stesheni. Sahihi iliyowekwa chini ilikuwa ya mzungu. Alichora klabu ambayo hakuruhusiwa kuingia. Alijua choo chake kiko wapi kuliko wanachama. Nilimkuta maktabani, kwenye kitabu kinene ambacho hakuna aliyewahi kukiazima. Nampenda kama wenzangu wanavyopenda wachezaji wa mpira.

Mpinzani ninaye mmoja: Ivan. Wazazi wake ni wa Uganda, anacheza mpira wa kikapu, ana sauti inayofika viti vya nyuma bila kipaza sauti. Anataka kuzungumzia viatu vya michezo. Viatu! Nitamshinda kwa elimu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimejaribu silaha ya kwanza. Nyumba ya Omuga ya Mombasa, niliyoijenga kwa maboksi ya maziwa: veranda pande zote, paa pana, na benchi dogo nje, kando ya mlango. Benchi hilo aliliweka katika kila jengo. Mabosi walilifuta, yeye alilirudisha. Mafundi hujenga ramani iliyowafikia mwisho, na iliyowafikia mwisho ilikuwa ya mnakili. Nilikaa kwenye treni na nyumba mapajani ili Zuri aulize ni nini.

Aliuliza Ivan. Aliuliza kwa ile sauti ya viti vya nyuma kama kuku wangu wanalipa kodi kwa mwezi au kwa mayai. Vijana wakaangua kicheko. Hata mama mmoja wa Kiswidi asiyejua Kiswahili akacheka. Zuri hakucheka. Alitabasamu. Kuna tofauti, nimeitafakari jioni nzima. Ivan alishuka Fittja akiwa ameacha alama ya kiwiko kwenye paa.

Sijakata tamaa. Hata Omuga alifutiwa.

Jumamosi, 4 Oktoba

USHINDI!

Nianze mwanzo. Kikao cha kamati. Leo Uswidi nzima inakula maandazi ya mdalasini, ni sikukuu yake, kwa hiyo na sisi tulikuwa na sinia moja kando ya birika la chai ya maziwa ya Mama Kamila. Mama Kamila ni mwenyekiti wetu, mtu wa Tanga. Mpole sana, lakini akikuuliza jambo unajikuta umesimama.

Ivan alizungumza kwanza. Walicheka sana. Mimi nilizungumza pili, nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilikuwa bado kwenye wamisionari Mama Kamila aliponiuliza, mwanangu, unaongea na nani huko chini? Kamati ikaanza kunong'ona. Mzee mmoja akasema kijana ana akili, hilo halina ubishi, ila Siku ya Urithi si mtihani. Anatakiwa mtu wa kuzungumzia vyake. Ivan walau viatu ni vyake.

Nikaiona hotuba inaondoka. Nikamwona Zuri na Ivan wakifanya mazoezi wiki nzima, wawili tu. Ndipo nikasikia sauti ikisema kwamba huyu Omuga ni babu wa mama yangu mzazi. Ilikuwa sauti yangu.

Nilisahau kitu. Ukimwambia Mswidi kwamba mtu fulani maarufu ni babu yako, atasema inapendeza na kurudi kwenye andazi lake. Ukiwaambia watu wetu, kazi ndiyo kwanza inaanza. Wa mke gani? Wa boma lipi? Na nyinyi wa Musoma, mtu wa Kisumu mlimpataje? Mama Kamila akaweka kikombe chini. Wazee wawili wakasogeza viti.

Lakini mimi ni msomaji! Ukurasa wa familia naujua kwa moyo. Nyumba ya mke wa pili, nikajibu papo hapo. Mwana aitwaye Nashon, aliyegombana na baba yake, akavuka mpaka kwenda Musoma, asisikike tena. Ndiye baba wa mama yangu. Alibadilisha jina. Nashon nilimchagua kwa akili: mtu aliyepotea hana wa kumkana.

Mama Kamila alinikumbatia mpaka miwani ikapinda. Hotuba ni yangu. Ivan alinipa mkono, akaniita mtoto wa wakubwa. Na Zuri alinitazama. Alinitazama kwa muda, macho makubwa, kama mtu aliyegundua jengo ambalo amekuwa akilipita kila siku. Halafu akatoka nje kupiga simu. Bila shaka alikwenda kuwaambia rafiki zake.

Jumapili, 5 Oktoba

Mama amerudi kanisani akiwa kimya. Dalili mbaya. Kumbe amepongezwa mlangoni, amepongezwa wakati wa kahawa, amepongezwa kwenye maegesho akiwa tayari amefunga mkanda.

Aliniita kwa jina langu lote, Elijah Oduor, akaniuliza babu yake yeye alikuwa nani. Nikajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yangu nikiogopa. Akasema nijibu kwa lugha niliyodanganyia. Nikasema: mchunga ng'ombe. Ng'ombe wa nani? Wa watu, Mama. Na baba yake? Fundi baiskeli, Mama. Vizuri, akasema, kesho nitakwenda kwa Mama Kamila kumweleza hivyo hivyo.

Nikamuuliza kwa adabu yeye aliwajibu nini waliompongeza. Akapanga viatu vilivyokuwa vimepangika. Akasema aliwaambia sisi si watu wa kujigamba. Alifanya hivyo ili asimwaibishe mtoto wake mbele za watu, nisimwelewe vibaya. Halafu akasema mke wa mchungaji alimpisha kiti cha mbele.

Ya kesho hayakuzungumzwa tena. Sasa tuko wawili.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi ya kwanza, maktabani. Nimemwambia Zuri sentensi nzima nzima! Zenye viambishi na kila kitu! Nilimweleza dohani, akacheka. Nilimweleza klabu, akakunja uso, akasema huo ni upuuzi wa kiwango cha juu. Ana picha zote tayari kwenye kompyuta, kwa mpangilio. Sijawahi kuona mpangilio mzuri kama ule.

Anaupenda ukoo wangu kupita kiasi. Aliuliza kama babu yangu alitumia mkono wa kushoto. Ndiyo. Kama alikuwa akivuma wimbo anapofanya kazi. Ndiyo, daima. Kama alikuwa mbishi. Mno! Kila ndiyo yangu ilimng'arisha zaidi. Msichana hawezi kuvutiwa hivi na mizizi ya mtu kama havutiwi na mti wenyewe.

Kwenye treni alikaa karibu nami. Tulipofika Alby sikushuka. Akauliza kama sijapitiliza. Nikasema nina shughuli Norsborg. Akasema anajua, ananiona nina shughuli huko tangu Agosti. Niliangalia dirisha. Nje kulikuwa na ukuta wa handaki. Ukuta mzuri sana.

Kabla ya kuagana akaniambia Jumamosi nivae shati zuri, kwa sababu kuna jambo kubwa la kunihusu atakalolitangaza jukwaani, mbele ya watu wote. Jambo la moyoni, alisema. La MOYONI!

Nyumbani nimemkuta Mama amenakili picha ya Omuga kutoka kitabu changu na kuitia fremu. Imetundikwa kando ya Yesu. Anasema Babu hakupenda chai nyepesi. Nikamuuliza amejuaje. Akasema mambo ya ukoo mtu huyajua tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeandaa jibu la kumpa Zuri Jumamosi akishatangaza. Fupi, lenye heshima, lina methali moja. Nimelisema mbele ya kioo mpaka Mama akagonga mlango kuuliza kama nasali.

Ivan amenisimamisha kwenye korido ya shule. Nilijiandaa kwa matusi. Akanishauri niongee nikitazama saa ya ukutani nyuma ya ukumbi, maana saa haicheki. Tumejaribu pamoja kwenye ukumbi wa shule. Sauti yangu ilifika! Halafu akasema nina bahati, kukaa na Zuri wiki nzima. Alisema akiangalia vidole vya miguu. Maskini. Ameshajua ameshindwa. Nimemhurumia kama mshindi anavyopaswa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika nikiwa nimevua shati zuri.

Ukumbi ulijaa. Pilau mlangoni, kwaya ya Wakongo, watoto wakiteleza sakafuni kwa soksi. Mama alikaa mstari wa mbele na kilemba ambacho sikijui. Zuri akapanda jukwaani kwa gauni la kitenge, akashika kipaza sauti, akasema yeye ni mtoto wa pekee na kwa miaka mingi alikuwa akimwomba Mungu kitu kimoja. Nikaanza kuikumbuka methali yangu. Akasema Mungu amejibu. Nikasimama! Halafu akasema anaomba bibi yake apande.

Akapanda bibi mdogo, koti zito la baridi, kitambaa cheupe kichwani. Zuri akatangaza: huyu ni Bibi Magdalene wa Norsborg, binti wa Zakayo Omuga, nyumba ya mke wa pili. Dada wa Nashon.

Kitabu kiliandika tu "na mabinti kadhaa". Kadhaa! Waandishi wawe makini, kuna watu wanawategemea.

Nilitafuta mlango. Mama Kamila alikuwa amesimama mbele yake, analia. Bibi Magdalene akanishika uso kwa mikono yote miwili. Akasema Nashon wetu, Nashon wetu, mama yetu alikuwa akimwekea chakula mpaka siku aliyofariki. Akasema paji la uso ni hilo hilo. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Mama naye alilia, na nadhani alilia kweli. Zuri akanirukia shingoni na kuita kwa nguvu, kipaza sauti kikiwa bado mkononi: Kaka!

Kaka. Kila spika ya ukumbi ilisema kaka.

Nilifikiri haraka. Nikamnong'oneza kwamba kwa hesabu ya Waswidi sisi tungekuwa binamu wa mbali tu, wana neno lake, syssling, na sheria yao haina kinyongo. Akacheka sana. Akamwambia bibi yake kwamba kaka ana utani. Bibi akasema kwetu hakuna wa mbali. Damu ya nyumba moja ni damu ya nyumba moja, Norsborg au Kisumu.

Ikabidi nichukue hatua ya mwisho. Nikashika kipaza sauti, nikaitazama saa, nikasema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma: mimi si damu ya Omuga. Hata tone. Naapa.

Mama akajifunika uso kwa ratiba. Ivan akaacha kutafuna.

Bibi Magdalene akapiga mapaja, akacheka mpaka akashikiliwa. Mnamsikia? akauuliza ukumbi. Mnamsikia huyu? Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Nashon langoni, siku aliyoondoka! Mimi si damu yako! Alimwambia Baba hivyo hivyo, na kidevu juu hivyo hivyo! Omuga gani ambaye hajawahi kukana kuwa Omuga?

Vigelegele mara mbili ya vile vya kwanza. Mama Kamila akasema mwenye shaka ahame mji.

Basi nikatoa hotuba. Ningefanya nini? Na nikiri, ilikwenda vizuri. Walicheka kwenye dohani. Kwenye klabu walinung'unika kwa pamoja, ukumbi mzima, kama ngoma kubwa. Nilipofika kwenye benchi, Bibi akanikatiza kutoka kitini. Akasema baba yake alisimamishwa nje ya milango ya ofisi ujana wake wote, ramani kwapani, akisubiri kuitwa na watu waliokuwa wakinywa chai. Ndipo baba yake alipoapa kwamba kwenye nyumba atakayoichora yeye hakuna atakayesubiri amesimama. Hilo haliko kitabuni. Nilitazama saa nayo ilikuwa na ukungu.

Kisha Bibi akatoa amri. Kila Jumapili, mjukuu wake ale kwake.

Jumapili, 12 Oktoba

Norsborg, chakula cha mchana. Ugali, samaki, sukuma wiki. Bibi amenipa kichwa cha samaki, heshima ambayo inanitazama. Amevua hata koti lake la baridi mbele yangu, yaani nimekuwa mtu wa ndani. Anasimulia vizuri kuliko kitabu. Omuga alipiga mluzi alipopata mstari ulionyooka. Nimefurahi kiasi cha kusahau, kwa kitambo, kwamba nina huzuni.

Wakati wa kuosha vyombo Zuri akasema hajawahi kuwa na kaka wa kumweleza siri, kwa hiyo ataanza leo. Akaanza. Kuna kijana ambaye yeye Zuri anampenda. Mrefu. Mchekeshaji lakini ndani ni mwoga, hajathubutu kumwambia lolote. Jina sitaliandika. Linaanza na herufi ya tisa ya alfabeti. Nikavunja sahani moja. Bibi alisema sahani si kitu, Nashon naye alivunja.

Jumanne, 14 Oktoba

Jioni kengele ililia. Ivan. Shati limepigwa pasi, pakiti ya kahawa mkono mmoja, maandazi ya mdalasini mkono wa pili. Sauti yake haikufika hata mkekani. Akamwamkia Mama shikamoo, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kisha akasema amekuja kumwona kaka wa Zuri.

Mama akamkaribisha sebuleni, chini ya picha ya Babu, akampa chai nzito. Ivan akaeleza kwamba nyumbani kwao amefundishwa msichana hafuatwi kienyeji. Unaanza kwa kaka yake. Anaomba ruhusa ya kumsindikiza Zuri kwa treni hadi Norsborg. Akaniita shemeji. Mapema hivi! Mama akaniambia kwa macho kwamba binti wa ukoo wetu ameheshimiwa, nami nijibu kiukoo.

Nilisema nitafakari. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani na kitabu, nimejaa uchungu. Nikafungua popote. Sura ya saba. Sikuwahi kuitilia maanani sura ya saba, ina mabomba mengi ya maji. Inasema Omuga alitumwa Jinja, Uganda, kuchora posta na kusimamia ujenzi wake. Alikaa huko miaka minne. Minne! Kijana, mtanashati, na wake wote wawili wako Kisumu!

Nikarudi sebuleni polepole. Nikamuuliza Ivan, kama mazungumzo ya kawaida tu, kwao Uganda ni wapi hasa. Akasema Jinja. Nikamuuliza bibi yake alizaliwa upande gani wa mji. Akasema hajui vizuri, ila siku zote alisikia ni karibu na posta.

Nikamtazama paji la uso. Nikamwita Mama naye atazame. Mama akavaa miwani, akatazama picha ukutani, akamtazama Ivan, akasema kwa kweli, kwa kweli.

Kesho asubuhi nampigia simu Mama Kamila. Safari hii nimefikiria kila kitu. Karibu kwenye ukoo, kaka Ivan.